Alifu kwa Ujiti Kabla ya Darasa la Kwanza

Mtoto wa Unguja hakuwa akiingia skuli mikono mitupu. Kabla ya darasa la kwanza alikuwa amekwisha kaa juu ya mkeka wa chuoni, ameanza alifu kwa ujiti, amejua irabu, na pengine amefika mbali katika juzuu ya Amma. Historia nyingi za elimu ya visiwa vyetu huanzia pale serikali ilipofungua skuli. Sisi tunaona inafaa zianzie kwenye mkeka ule.

Ushahidi wa zamani tunao. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba watoto wa jumba la baba yake walianza kusoma wakiwa na umri wa miaka sita au saba, wamekaa mkekani, na kitabu chao ni Msahafu. Ubao wao wa kuandikia ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika. Wasichana kusoma tu. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za Msahafu. Basi tusiusifu utaratibu ule kuliko ulivyostahiki: uliwafungulia wote mlango, lakini haukuwafikisha wote ndani.

Hata hivyo, chuo kilimtayarisha mtoto kwa mambo matatu. Kwanza, kilimzoeza kuachana na mama yake kwa saa kadhaa. Pili, kilimfunza adabu ya kukaa mbele ya mwalimu na kungoja zamu yake, huku mkubwa akimsomesha mdogo. Tatu, kilimpa herufi ambazo hazikuwa za Kiarabu peke yake. Barua za jamaa, hati za mashamba na tungo za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi hizo hizo.

Skuli za serikali zilianza mapema katika karne ya 20, wakati wa Sayyid Ali bin Hamud (1902–1911), ambaye mwenyewe alisoma Harrow, Uingereza. Humo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kirumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto aliyekwisha anza kuzifumbua barua za babu yake alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Wazazi wengi, hasa wa mashamba, walisita kumpeleka mtoto mahali ambapo alichojifunza hakikutambuliwa, na serikali ikalazimika kuingiza Kurani katika ratiba ili iwapate wanafunzi.

Jambo hilo lilijirudia Oman, kwa sura nyengine. Kabla ya Julai 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu, zenye wanafunzi wavulana wapatao 900. Skuli zilipoenea, familia zilizoondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 zilikuwa zikirejea. Wakubwa walithaminiwa kwa Kiingereza chao na ujuzi wa kazi. Watoto walikaa darasani wakisomeshwa kwa Kiarabu, hali ya kuwa lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Wazazi wengi waliona kumtayarisha mtoto ni kuacha kusema naye Kiswahili. Nia yao ilikuwa njema, lakini leo wapo wajukuu wasioweza kuzungumza na bibi zao ila kwa mkalimani.

Tunayasema haya kwa sababu familia zetu zilizoko Uingereza zimo katika njia panda hiyo hiyo. Huko mtoto huanza skuli mwezi wa Septemba baada ya kutimiza miaka minne, na mzazi huogopa asije akachelewa Kiingereza. Kiingereza atakipata darasani na uwanjani kila siku. Kiswahili na alifu hana pa kuvipata ila nyumbani na chuoni. Kabla ya siku ya kwanza, mzazi na amwambie mwalimu kwa ufasaha: mtoto huyu anasema lugha fulani, anajua herufi hizi, amehifadhi sura hizi. Wazee wetu hawakuulizwa jambo hilo na mwalimu wa serikali, na wengi hawakupata nafasi ya kulisema. Sisi nafasi hiyo tunayo.