Wasia kwa Binti, kutoka Siu hadi Kwenye Filamu

Mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufariki Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyemtaabisha mno Sayyid Said wa Unguja, mjane wake, Mwana Kupona binti Mshamu, hali maradhi yamemkalia, alimwita bintiye Mwana Hashima amkaribie na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia. Humo radhi za mume zimehesabiwa pamoja na za Mungu, Mtume, baba na mama. Mume alalapo asiamshwe bali apepewe, ndevu zake zitengenezwe, nyumba ifukizwe udi, na siku ya kiyama neno lake ndilo litakalomfungulia mkewe njia ya Peponi.

Wasomaji wa leo aghalabu huufunga utendi huu kwa ghadhabu, nami naona wana haraka, kwani aliyeutunga alikuwa mjane asiye na mume wa kumpepea, na mashairi yale ya utii yanaweza kusomwa pia kama maombolezo. Fauka ya hayo, mwenye haki ya kumfunza binti alikuwa mama, na binti alikuwa akisikiliza.

Haki hiyo twaikuta mikononi mwa baba katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ya mwaka 1971. Kule Ukerewe, Zakaria, mlevi asiyeweza kujiongoza mwenyewe, anaikamata barua ya mvulana na kumpiga bintiye Rosa bila ya huruma. Karatasi, iliyokuwa chombo cha wasia, sasa ni ushahidi wa kosa. Rosa aliyelelewa kwa hofu anapotoka nyumbani kwenda kusoma hana kinga nyingine isipokuwa hofu ile, nayo haivuki lango la shule. Mwisho wake ni mauti. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, na yamkini kilichowaudhi wakubwa si uzinzi uliosimuliwa tu, bali pia baba kuwekwa kizimbani.

Adam Shafi, katika riwaya yake Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, aliirejea Unguja ya zama za ukoloni. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyempita umri kwa mbali, anamkimbia mumewe. Jamaa zake wanamfungia mlango, naye anapokewa na Mwajuma, shoga yake. Katika kipindi hicho anamjua Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na serikali kwa siasa zake.

Amil Shivji alipoifanya riwaya hiyo filamu, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, alimweka Yasmin mbele pamoja na Denge, na nafasi ya Mwajuma akampa Siti Amina, mwimbaji wa Unguja. Mwajuma hana mali wala nasaba ya kujivunia, na wasia wake haukuandikwa popote: alimfungulia mwenziwe mlango, akamwonyesha pa kulala.