Dennis Oliech na Jezi ya Kenya

Usidhani, ewe msomaji, ya kuwa kandanda ya Mathare ilianza kwa kutafuta fedha. Chama cha vijana kilichoundwa huko mwaka 1987 kilizipa timu pointi kwa kuzoa taka za mtaa, kama zilivyopata kwa kushinda mechi. Humo ndimo ilimozaliwa Mathare United, mwaka 1994, na kutoka klabu hiyo Dennis Oliech akaenda Qatar. Huko, kwa masimulizi yake mwenyewe, aliahidiwa fedha nyingi abadili uraia. Akakataa. Waweza kumwita mjinga, mimi sithubutu. Baadaye alichezea Nantes na Auxerre, Ufaransa, lakini mabao yake 34 ya kimataifa aliifungia Kenya, moja likiwa katika ule ushindi wa 3-0 juu ya Burkina Faso, nchini Tunisia, mwaka 2004.