Machujio mbadala ya hewa: Faida na hasara kwa magari yanayovuta matela

WAMILIKI wa magari yanayovuta matela, boti na magari yaliyoharibika wana kilio kinachofanana: gari huishiwa nguvu mlimani na hunywa mafuta kupita kiasi. Mojawapo ya tiba wanazouziwa katika maduka ya vipuri ni chujio la hewa lisilotoka kwa mtengenezaji wa gari, ambalo hunadiwa kwa maelezo kuwa litaiwezesha injini kupumua vizuri na kuvuta zaidi.

Machujio hayo si ya aina moja. Yapo ya karatasi yanayotengenezwa na kampuni zenye sifa na kuuzwa kwa bei nafuu, yapo ya pamba au sponji yanayooshwa na kutumika tena, na yapo ya bandia yanayofungwa katika maboksi yenye nembo za watu wengine.

Kwa gari dogo la mjini, kosa la kuchagua chujio huenda lisionekane kwa miaka mingi. Kwa gari linalovuta mzigo katika barabara za vumbi za vijijini, migodini au katika hifadhi za wanyama, kosa hilo huweza kumaliza injini mapema. Gharama ya kufungua injini yote na kuitengeneza upya huzidi kwa mbali bei ya machujio ya miaka kadhaa.

Kazi ya chujio

Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa inayovutwa kutoka nje. Hewa hiyo hubeba vumbi, na sehemu kubwa ya vumbi la barabarani ni silika, madini yanayounda mchanga, ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida.

Chembe zinazopenya huingia kati ya ringi za pistoni na kuta za silinda na kuzisaga kama msasa. Nyingine huchanganyika na oili na kufika kwenye beringi. Zinazoleta madhara makubwa ni zile ndogo zenye ukubwa wa kati ya mikroni 5 na 20, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Kwa sababu hiyo, macho hayawezi kupima ubora wa chujio.

Dalili za injini iliyokula vumbi hujitokeza taratibu: injini huanza kula oili, hutoa moshi wa buluu, kompresheni hushuka na gari huwaka kwa shida asubuhi. Zinapoonekana, uharibifu huwa umekwisha kufanyika.

Tatizo hili ni la tangu zamani. Mwaka 1915, Frank Donaldson wa Minnesota, Marekani, alianzisha kampuni ya kutengeneza visafisha hewa baada ya kubaini kuwa injini za matrekta zilikuwa zikichakaa haraka kwa sababu ya vumbi la mashambani. Kampuni hiyo ingali miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa machujio duniani.

Kwa nini gari la kuvuta ni tofauti

Mfano mzuri ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inayofahamika sana Afrika Mashariki. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 na haina turbo. Ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na silinda zake zikijaa kwa takriban asilimia 85, huvuta zaidi ya lita 4,400 za hewa kila dakika, yaani takriban lita 265,000 kwa saa.

Gari hilo likienda kilomita 75 kwa saa bila mzigo kwa mzunguko huo, hutumia karibu lita 3,500 za hewa kwa kila kilomita. Likiwa na tela zito, kwenye gia ya chini na mwendo wa kilomita 25 kwa saa, hutumia zaidi ya lita 10,000 kwa kilomita ile ile moja. Chujio hupokea hewa mara tatu zaidi, na vumbi lililomo ndani yake.

Mwendo mdogo pia humweka dereva ndani ya wingu la vumbi la magari yanayompita. Ndiyo maana ratiba ya kubadilisha chujio inayohesabiwa kwa kilomita, ambayo hulitosha gari la kawaida, huweza kulipotosha gari linalovuta.

Faida za machujio mbadala

Faida ya kwanza ni bei na upatikanaji. Chujio la karatasi lililotengenezwa na kampuni inayoaminika, hata kama halina nembo ya mtengenezaji wa gari, huweza kufanya kazi sawasawa na lile halisi kwa fedha pungufu. Baadhi ya kampuni hizo ndizo zinazowauzia watengenezaji wa magari machujio yanayofungwa kiwandani.

Faida ya pili ni ya machujio yanayooshwa. Machujio ya pamba iliyolowekwa mafuta maalumu yalipata umaarufu kupitia kampuni ya K&N ya California, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye gari hununua mara moja, kisha huosha, hukausha na kupaka mafuta upya. Kwa anayefanya kazi mbali na maduka ya vipuri, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni upitishaji wa hewa. Pamba na sponji likiwa safi hupitisha hewa kwa urahisi kuliko karatasi nyingi. Katika injini ya petroli inayozungushwa kwa kasi kubwa, au ya turbo iliyofanyiwa marekebisho, tofauti hiyo huweza kuonekana kwenye vipimo. Katika magari ya mashindano, ambayo injini zake hufunguliwa mara kwa mara, ni biashara inayolipa.

Hasara zake

Hasara kubwa ni kwamba kinachopitisha hewa kwa urahisi mara nyingi hupitisha na vumbi. Machujio hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011, ambao vumbi lililopimwa hupulizwa kwenye chujio na lile linalopenya hupimwa uzito.

Katika jaribio moja la miaka ya 2000 nchini Marekani, yalilinganishwa machujio ya injini ya dizeli ya Duramax, inayotumika katika pikapu za kuvutia matela. Chujio la karatasi la kiwanda lilizuia asilimia 99.93 ya vumbi, na la pamba lenye mafuta lilizuia asilimia 96.8.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka inapogeuzwa kuwa uzito. Kwa kila gramu 100 za vumbi, la karatasi lilipitisha gramu 0.07 na la pamba gramu 3.2, yaani zaidi ya mara 40. La pamba pia liliziba baada ya takriban dakika 24, wakati la karatasi lilifika saa moja, kwa kuwa karatasi yenye mikunjo mingi ina nafasi kubwa ya kuhifadhi vumbi. Jaribio moja halihukumu bidhaa zote, lakini linaonyesha kwamba maneno "hupitisha hewa zaidi" hayatoshi kuwa sababu ya kununua.

Hasara ya pili ni utunzaji. Chujio la pamba likikosa mafuta halishiki vumbi vizuri, na likipakwa kupita kiasi, mafuta huweza kuvutwa hadi kwenye sensa inayopima hewa. Sensa hiyo ipo katika magari mengi ya kisasa, zikiwamo dizeli zinazoongozwa kwa kompyuta, na ikichafuka husoma vipimo visivyo sahihi na gari hukosa nguvu. Injini ya 1HZ haina sensa hiyo, hivyo haikabiliwi na hatari hii.

Ya tatu ni vifaa vya wazi, ambapo kasha la kiwanda huondolewa na kuwekwa chujio la duara lisilo na kifuniko. Sauti ya injini hunoga, lakini chujio huvuta hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo injini hupata oksijeni pungufu wakati inapovuta mzigo na kuihitaji zaidi.

Ukweli kuhusu nguvu na mafuta

Katika injini ya dizeli isiyo na turbo, nguvu hutegemea kiasi cha mafuta kinachopulizwa na pampu. Kama chujio la kawaida ni safi na injini haitoi moshi mweusi, hewa iliyopo tayari inatosha, na kuongeza nyingine bila kuongeza mafuta hakuleti nguvu ya maana.

Kuhusu ulaji wa mafuta, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2009. Katika magari ya petroli yanayoongozwa kwa kompyuta, hata chujio lililoziba halikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiwango cha maana. Kilichobadilika ni uwezo wa kuongeza mwendo, uliokuwa bora kwa asilimia 6 hadi 11 chujio lilipokuwa safi. Gari la mwaka 1972 lenye kabureta ndilo lililopata nafuu ya mafuta ya asilimia 2 hadi 6.

Ikiwa kuondoa uchafu wote kwenye chujio lililoziba hakukuokoa mafuta katika magari hayo, ni vigumu kutarajia chujio la bei ghali lililochukua nafasi ya jingine safi lifanye hivyo.

Upo pia mwinuko, ambao madereva wengi huusahau. Katika kingo za kreta ya Ngorongoro, takriban meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar es Salaam au Tanga. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho, na hakuna chujio linaloweza kuirudisha.

Tahadhari na bidhaa bandia

Chujio baya kuliko yote ni la bandia. Karatasi yake huweza kuwa nyepesi, mikunjo michache, gundi dhaifu na raba ya pembeni ngumu isiyokaa sawasawa. Hewa hupita pembeni badala ya kupita kwenye karatasi, na chujio hubaki "safi" kwa muda mrefu huku injini ikila vumbi.

Mnunuzi anashauriwa kulinganisha chujio jipya na la zamani kwa idadi ya mikunjo, uzito na ulaini wa raba, kununua kwa muuzaji anayefahamika na kudai risiti. Nchini Tanzania, malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa.

Mambo ya kuzingatia

Kwa gari linalovuta mzigo katika vumbi, fedha iliyotengwa kwa chujio la "nguvu" huweza kuleta faida kubwa zaidi ikitumika hivi:

Kwanza, kufunga kisafisha hewa cha awali kinachozungusha hewa na kutupa vumbi zito kabla halijafika kwenye chujio. Bomba la kuinulia hewa hadi usawa wa paa nalo husaidia, kwa kuwa vumbi huwa pungufu juu kuliko karibu na magurudumu.

Pili, kukagua klipu za kasha, raba na mabomba. Pakiwa na ufa baada ya chujio, hata lililo bora kuliko yote halina kazi. Mstari wa vumbi ndani ya bomba upande wa injini ni ushahidi kuwa hewa chafu inapita.

Tatu, kufunga kiashiria cha mvuto wa hewa, kifaa kidogo kinachoonyesha chujio linapoziba. Katika malori mengi ya dizeli kikomo huwa inchi 25 za maji, sawa na takriban kilopaskali 6.2. Kiashiria humwondolea fundi haja ya kufungua kasha kila wiki, kitendo ambacho chenyewe huweza kuangusha vumbi upande wa injini.

Nne, kutopuliza chujio la karatasi kwa upepo mkali wa kompresa. Presha kubwa hutoboa matundu yasiyoonekana. Likilazimika kupulizwa, upepo uwe mdogo na utoke upande wa ndani kwenda nje. Lililolowa maji, lililopasuka au lenye mafuta hutupwa.

Tano, kupeleka sampuli ya oili maabara, hasa kwa wenye magari mengi. Silikoni ikiongezeka kwenye oili kati ya kipimo kimoja na kingine, mara nyingi vumbi linaingia, na chanzo hutafutwa kabla injini haijachakaa.

Anayechagua la pamba kwa sababu ya umbali na maduka hana budi kukubali masharti yake: kuliosha na kulipaka mafuta kwa kipimo, kusubiri likauke kabisa, na kuwa na la pili la kutumia wakati huo. Gari la breki dauni linaloshinda kwenye lami ya mjini huweza kulitumia bila madhara makubwa.

Lakini kwa gari linalokokota tela kwenye vumbi siku baada ya siku, chujio la karatasi lenye ubora, lililokaa sawasawa katika kasha lisilovuja, bado ndilo linaloilinda injini zaidi na kugharimu kidogo.