Binafsi Si Siri

Mtu wa Katoro au Kahama akisema amewasiliana na matapeli, swali la kwanza la ndugu zake ni hili: "Kwani uliwapa namba ya siri?" Akijibu kwamba hakuwapa, wote wanashusha pumzi. Alichotoa ni jina, namba ya simu, namba ya NIDA na picha ya kitambulisho, maana aliambiwa ni za kujazia fomu ya kazi mgodini. Fomu ilikuja kwa WhatsApp, juu ina nembo, chini ina ada ya kupimwa afya. Ilipofika kwenye ada akashtuka, hakulipa. Basi yamekwisha.

Hayajaisha, na lugha yetu ina sehemu yake ya lawama. Tangu pesa ziingie kwenye simu, Kiswahili cha tahadhari kimeegemea neno moja tu, siri: namba ya siri usimpe mtu, hata awe nani. Ni onyo zuri, lakini limezaa mazoea mabaya, kwamba kisichoitwa siri ni cha kugawa kama maji ya kunywa. Neno lililokuwa likihitajika kuziba pengo hilo lilikuja kwa mlango wa sheria. Mwaka 2022 Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaunda Tume yenye jina hilohilo.

Tuipasue istilahi yenyewe. Taarifa imetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa maarifa. Ni kile kinachojulisha. Binafsi nayo ni bi na nafsi, yaani kwa nafsi yake. Ukiziunganisha unapata kile kinachoijulisha nafsi, kinachomfanya mtu atambulike kuwa ni huyu na si yule. Humo ndani siri haimo. Na ni vizuri haimo, kwa sababu sheria ingezungumzia "taarifa za siri" ingekosa shabaha. Namba ya simu ya fundi baiskeli wa Shinyanga mjini inaweza kuwa imepakwa rangi mlangoni pake. Jina lake linaitwa kanisani, msibani na kwenye mkutano wa mtaa. Si siri hata kidogo, lakini ni lake.

Kiswahili kina maneno matatu hapa, na kila moja lina kazi yake. Faragha, ambayo Katiba ya mwaka 1977 inaitaja katika ibara ya 16, ni hali ya mtu kuachwa na mambo yake, mlango ukiwa umerudishwa. Siri ni jambo lenye wajuzi wachache, na likijulikana limekufa. Binafsi ni umiliki: kitu ni chako hata kama kijiji kizima kinakijua. Shamba lako la pamba linaonwa na kila mpita njia, lakini kuliona hakumpi ruhusa ya kuvuna.

Wakenya, katika sheria yao ya mwaka 2019, wanatumia zaidi neno data. Huku kwetu neno hilo lingeleta mkanganyiko, kwani data ni kitu unachowasha ili intaneti ifanye kazi na unachokizima ili bando lisiishe. Mwambie mama muuza dagaa wa Geita "linda data zako", atazima.

Sasa, kwa nini kitu kisicho siri kihitaji ulinzi? Jibu liko machimboni. Mchimbaji mdogo anatoa mawe kwenye duara, yaani shimo lake, anayasaga karashani, anayaosha mialoni, anakamata dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki unaitwa marudio. Kwa macho ni uchafu. Lakini zebaki haikamati dhahabu yote, na mwenye mtambo wa sayanaidi analijua hilo. Ananunua yale marudio kwa bei nafuu, anayaloweka kwenye matangi yake, na kutoka katika uchafu wa mwenzake anapata dhahabu.

Taarifa binafsi ndiyo marudio yetu. Tunaiacha popote kwa kuwa sisi hatuna mtambo, tukidhani na mwingine hana. Tazama daftari la wakala wa pesa juu ya kaunta: jina, namba ya simu, kiasi, saini, kalamu imefungwa kwa uzi. Anayesubiri zamu nyuma yako ana muda wa kutosha kusoma mistari kumi. Sheria inamwita anayekusanya taarifa hizo mkusanyaji na inamtaka azitunze, lakini daftari limelala wazi.

Mtambo wa tapeli unafanya kazi hivi. Akiwa na namba yako tu, anajifanya anakutumia pesa. Kabla hajathibitisha, simu inamwonyesha jina lako lililosajiliwa. Hatumi kitu, jina amelipata. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hesabu mwenyewe: namba ya siri ya pesa za simu ina tarakimu nne, na mwaka wa kuzaliwa una tarakimu nne. Wangapi wetu tumezifanya hizo nne kuwa hizo nne? Aliyetoa namba ya NIDA na kuapa kwamba hakutoa namba ya siri, pengine ameitoa bila kujua.

Hapa ndipo kutofautisha maneno kunapogeuka kuwa dawa. Binafsi haibadiliki: huwezi kuzaliwa upya tarehe nyingine, wala kuazima kidole kingine. Siri hubadilika kwa dakika mbili. Kwa hiyo ukishatoa binafsi, usipoteze usiku ukijaribu kuirudisha wala kumbembeleza tapeli afute picha. Badilisha siri, na hakikisha hakuna siri yako hata moja iliyofinyangwa kutokana na binafsi.

Anza na namba ya siri ya pesa, iwe mpya, isiyo mwaka wako wala wa mwanao. Kisha WhatsApp: washa uthibitishaji wa hatua mbili, na zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe usimsomee yeyote, hata akisema amezituma kwako kwa bahati mbaya. Halafu piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na ndiyo maana tapeli anataka kidole cha mwingine: "Bonyeza tena, haijasoma," na bonyezo la pili likawa laini ya pili. Ukiona namba usiyoifahamu, nenda duka la mtandao husika waifute. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla wakati jirani zako wanao, usingoje kesho. Huenda kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi yake.

Ujumbe wa kitapeli usiufute kwanza. Utume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia. Kama pesa zimeondoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako palepale, kisha nenda polisi na ujumbe huo ukiwa bado simuni. Utapeli wa aina hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na baada ya wiki mbili tatu akipiga mtu akidai anaweza kukurudishia pesa zako kwa ada ndogo, jua marudio yako yameuzwa kwa mwenye mtambo wa pili.

Hatua inayosahaulika zaidi ni kusema. Tapeli mwenye jina lako na picha yako hana haja na wewe tena, anamtafuta shangazi yako Nzega au kaka yako Mwanza, amwandikie: "Simu yangu imeharibika, ile hela tuma kwenye namba hii." Huyo huwezi kumlinda kwa namba ya siri. Unamlinda kwa kumpigia leo na kumwambia: nimeteleza, fomu ya kazi ilikuwa ya uongo, ukipata ujumbe wa pesa kwa jina langu nipigie kwanza usikie sauti. Wengi hawasemi kwa aibu, na ile aibu ndiyo dhahabu ya mwisho tunayomwachia tapeli mchangani.

Ndugu nao wabadilishe swali lao. "Uliwapa namba ya siri?" linamtafuta mwenye kosa. Waulize: "Umeshaibadilisha?"