Mbio Zetu: Kutoka Njia ya Wapagazi hadi Medali ya Tokyo



Usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025 wengi wenu mlikuwa mmelala. Sisi wachache wenye ugonjwa wa kukimbia tulikuwa macho, simu mkononi, tukifuatilia marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha huko Tokyo. Kule kulikuwa kumekucha, kwetu bado giza. Alphonce Simbu, kijana wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi, aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wakakimbia bega kwa bega hadi kwenye utepe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ndiyo iamue. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Jirani yangu alinigongea ukuta kwa kelele nilizopiga, na alikuwa na haki.

Asubuhi yake, kwenye kundi letu la simu la watu wa nyumbani, mtu akauliza: "Hivi kwetu hakuna wakimbiaji?" Swali hilo lilizua maneno mengi. Baadaye kamati, ikijua kwamba kuna pendekezo la chama chetu kuandaa mbio za barabarani za kuchangisha fedha, ikaniomba niandike historia fupi ya mbio katika toleo hili la harambee. Mimi ni mhasibu. Historia ninayoijua ni ya mapato na matumizi, kwa hiyo mnivumilie.

Nianze mbali. Watu walipita kwetu kwa miguu kabla ya kupita kwa kitu kingine chochote. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata mbuga ya Mkata, ikafuata bonde la mto Mkondoa, ikapanda milima ya Usagara kuelekea Mpwapwa. Burton na Speke waliufuata mto huo mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871 wakati wa masika, akasumbuka sana na tope la Mkata. Wenye vitabu wanawakumbuka Wazungu hao. Mimi nawafikiria zaidi wapagazi. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, akaenda nao kilomita 15 kwa siku au zaidi, wiki baada ya wiki, kisha akarudi na mzigo mwingine. Hakuna aliyempa medali. Majina yao wengi hayakuandikwa popote ila kwenye orodha za ujira, na hapo ndipo mhasibu anapowaonea huruma wenzake wa zamani: orodha ya mishahara wakati mwingine ndiyo kaburi pekee la mtu.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, iliua kazi ya upagazi na kuufanya mji wa Kilosa uwe mji wa stesheni. Kisha mashamba ya mkonge yakaleta watu kutoka kila upande, wakachanganyika na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda waliokuwepo. Mikumi nayo ikakua na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1964, barabara ikabaki katikati yake, kiasi cha kilomita 50 ambazo hakuna mwenye akili atakayezikimbia, maana upande huu kuna simba na upande ule kuna basi la Mbeya.

Miaka hiyohiyo ndiyo mbio zilipoingia katika siasa na maisha ya taifa. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mbio zake za kuzunguka nchi zikaanza mwaka 1964. Sisi tuliosoma shule za msingi za Kilosa tunaujua vizuri mpangilio wake: kufyeka barabara, kuimba, kusimama juani tangu alfajiri, na Mwenge kupita kwa dakika mbili. Siku hizi Mwenge unasafiri zaidi kwa gari kuliko kwa miguu, lakini umebaki na tabia moja ninayoipenda kitaaluma. Viongozi wake hukagua miradi, huomba nyaraka, na mradi wenye hesabu za mashaka hukataliwa kuzinduliwa mbele ya watu wote.

Mwaka 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, gizani, mguu umefungwa bandeji, watazamaji wengi wameshaondoka. Alikuwa wa 57, na nyuma yake hakukuwa na mtu, kwa sababu wengine waliobaki walikuwa wamejitoa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aende kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Wa mwisho yule anajulikana duniani kuliko wengi waliomtangulia.

Filbert Bayi ni habari nyingine kabisa. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mzunguko wa kwanza wa mita 1,500, jambo ambalo makocha wa wakati ule waliliona kama wazimu, na hakuna aliyempata. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa nyumbani kwao alikuja wa pili, naye pia akawa ameivunja rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi akavunja na rekodi ya maili moja huko Kingston. Kila mtu alisubiri Bayi na Walker wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Watu wanaosema michezo isichanganywe na siasa wamwulize Bayi gharama yake. Miaka minne baadaye, Moscow, alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo ninapoandika, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi hii iliyo nazo.

Halafu Juma Ikangaa. Mimi nilikuwa mtoto aliposhinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde moja, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Baba yangu, mtu wa reli, aliisikia habari hiyo kwenye Redio Tanzania akatutangazia sisi kana kwamba ni yeye aliyekimbia. Boston, Ikangaa alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alipitwa kwa sekunde moja tu na Mkenya Ibrahim Hussein. Tukawa tunakimbia kutoka stesheni hadi shuleni kila mtu akijiita Ikangaa. Hakuna aliyetaka kuwa Hussein.

Sasa nirudi kwenye swali la kundini. Mbona majina haya ni ya Mbulu, Karatu, Singida, Arusha, na si ya kwetu? Jibu la haraka ni mwinuko. Mwili unaokulia kwenye hewa nyepesi hujijengea damu yenye uwezo mkubwa wa kubeba hewa, na mji wa Kilosa uko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini jibu hilo haliniridhishi. Milima ya Ukaguru iliyo mgongoni mwetu ina vilele vinavyozidi mita 2,000, juu kuliko jiji la Arusha, na watoto wa vijiji vya kule hupanda na kushuka kila siku kwenda shule. Walichopata wenzetu wa kaskazini ni mwinuko pamoja na vitu vingine: walimu waliopenda riadha, jeshi lililowapa vijana ajira na muda wa mazoezi, na mtu wa kulipa nauli ya kwenda mashindanoni.

Hapo kwenye nauli nina jambo la kusema, na sijawahi kuliandika.

Darasani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kulikuwa na msichana ambaye hakuna mvulana aliyemshinda. Uwanja wetu mwalimu aliupima kwa kamba na kuuchora kwa majivu, na msichana yule aliuzunguka pekupeku huku sisi tukihesabu mizunguko ambayo ametuzidi. Alichaguliwa kwenda mashindano ya shule ngazi ya mkoa, Morogoro. Ilihitajika nauli ya treni na ya chakula. Darasa likachanga. Mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa daftari. Kila jina na kila shilingi niliandika, na jumla ilikuwa shilingi 1,340. Fedha nilizikabidhi kwa mtu mzima aliyehusika. Siku ya safari tukaambiwa "zimeazimwa kidogo", zitarudishwa. Hazikurudishwa. Treni ikaondoka, msichana akabaki amesimama jukwaani na kimfuko chake cha nguo, nami nimesimama pembeni na daftari ambalo hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa.

Nimefanya kazi ya uhasibu zaidi ya miaka 20 sasa. Kila ninapoona neno "azima" kwenye vitabu vya taasisi, tumbo hunikata.

Nimekimbia pia. Dar es Salaam ya leo ina klabu ya jogingi karibu kila mtaa, na tangu Kilimanjaro Marathon ianze Moshi mwaka 2003, mbio za barabarani zimezaliana hadi mwisho wa wiki mmoja unaweza kuwa na mbili. Nyingi zinasema ni za kuchangia hiki au kile. Kwenye moja, sitaitaja, medali ziliisha kabla yangu na maji yaliisha kabla ya medali, na taarifa ya fedha sijaiona hadi leo.

Ndiyo maana naomba tupige hesabu kabla hatujapiga mbiu. Tuseme tunapata wakimbiaji 400 kwa ada ya shilingi 30,000. Ni shilingi 12,000,000, na mwenyekiti atapiga makofi. Fulana 12,000, medali 6,000, namba na kifaa cha kupimia muda 3,000. Hiyo ni 21,000 kwa kila mtu, jumla 8,400,000. Zinabaki 3,600,000. Gari la wagonjwa, maji, mahema, vipaza sauti na zawadi, tuweke 3,000,000. Tunachopeleka nyumbani ni shilingi 600,000. Katika kila shilingi 100 aliyotoa mwana-Kilosa, 5 ndizo zimefika Kilosa.

Tukiacha fulana, medali na vifaa, tukashusha ada hadi 20,000 na kubaki na namba za karatasi za 2,000, mapato ni 8,000,000 na kinachobaki ni 4,200,000. Najua mtalalamika, watu wanapenda picha na medali. Mimi mwenyewe ninazo 11, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango na mke wangu anauliza kila mwezi zina kazi gani. Kwa 4,200,000 tunaweza kulipa usafiri na chakula cha wanariadha wa shule zetu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, na kusawazisha uwanja mmoja. Wasichana wahesabiwe kwanza. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, kwa hiyo hoja ya kwamba mbio ndefu ni za wanaume tusiisikie kikaoni.

Tumewahi kuchanga vizuri. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipovunja kingo, ukang'oa reli na kuwaacha maelfu kwenye mahema, watu wa nyumbani walituma mpaka godoro walilolalia. Daftari la michango ile ya kundi letu ninalo, na stakabadhi zake. Anayetaka kuliona aje ofisini kwangu, chai ipo.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumwona mama. Msichana yule wa darasani sasa ni mama wa watoto wanne, ana meza ya ndizi na karanga sokoni. Nilimweleza habari za mbio tunazofikiria, za njia ambayo ingeanzia stesheni, na nikamwomba awe wa kwanza kuvalishwa namba. Alinisikiliza huku akipunga kanga kufukuza nzi.

"Hela atashika nani, kaka?" akaniuliza.

Nikamwambia kamati. Akacheka, akaendelea kupanga ndizi zake.