Eutanasia na Huduma kwa Wanaokaribia Kufa: Msimamo wa Makanisa Mkoani Simiyu

Eutanasia, au kifo laini, ni kumfanyia mgonjwa jambo kwa makusudi, au kuacha kwa makusudi jambo analostahili kufanyiwa, ili afe na mateso yake yakome. Kanisa Katoliki, AICT (Africa Inland Church Tanzania), KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Anglikana, Waadventista Wasabato na makanisa ya Kipentekoste, yote yenye waumini Simiyu, yanaikataa. Mkoa huu wa Tanzania ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake ni Bariadi, na kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2, wengi wao Wasukuma. Huku swali la kifo laini haliletwi na mashine za kupumulia. Linaletwa na saratani iliyogunduliwa imechelewa, kiharusi na uzee.

Katazo lenyewe linatoka kwenye amri ya "Usiue" katika Amri Kumi. Wakatoliki na Walutheri wanaihesabu amri hiyo kuwa ya tano, AICT na Wasabato ya sita. Wahubiri hutaja pia kifo cha Mfalme Sauli. Akiwa amejeruhiwa vitani, alimwomba mbeba silaha wake ammalize, naye akakataa. Baadaye Mwamaleki mmoja akaja kwa Daudi akijisifu kwamba yeye ndiye aliyemmalizia mfalme kwa ombi lake mwenyewe, na Daudi akaamuru auawe. Sheria ya nchi inakubaliana na katazo hilo. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa kuwa ndiye aliyekisababisha, hata kama ugonjwa ule ungemuua tu. Anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha.

Usukumani katazo hili lina uzito wake wa pekee. Kwa miaka mingi vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Mahali ambapo uhai wa bibi mzee umewahi kuonekana hauna thamani, kanisa halina budi kusema wazi, bila kumung'unya maneno, kwamba hakuna mtu ambaye muda wake wa kuishi unaamuliwa na majirani au na wanawe.

Lakini mafundisho ya Kikristo hayaishii kwenye katazo, na sehemu iliyobaki ndiyo familia za Simiyu zinaihitaji zaidi. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba mgonjwa halazimiki kutumia matibabu yanayopita kiasi, na kwamba ni halali kumpa dawa ya kutuliza maumivu hata ikidhaniwa itapunguza siku zake, mradi nia isiwe kumuua. Vatikani ilirudia fundisho hilo katika tamko la mwaka 1980, Yohane Paulo II akalisisitiza katika waraka Evangelium Vitae wa 1995, na likatajwa tena katika barua Samaritanus Bonus ya 2020. Waadventista nao, katika tamko lao la mwaka 1992 kuhusu wanaokaribia kufa, wanaruhusu kusitisha tiba inayorefusha tu safari ya kufa, huku wakikataa kuua.

Chukua mama wa wilaya ya Itilima au Meatu mwenye saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Ng'ombe wanauzwa, safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, inafanywa, kisha inafanywa tena. Siku daktari anaposema mrudisheni nyumbani, watoto wanahisi wameambiwa wamwache mama yao afe, na anayependekeza wasiuze ng'ombe waliobaki anaonekana mroho wa urithi. Kwa mafundisho ya makanisa yao wenyewe, familia hiyo haijatenda dhambi. Dhambi ingekuwa kumwacha bila maji, bila kuoshwa, bila kugeuzwa kitandani na bila dawa ya maumivu. Jambo hili linahubiriwa kidogo mno.

Dawa yenyewe ni morfini ya maji. Unga wake huchanganywa na maji, mgonjwa akanywa kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi, na kipimo cha wakati wa kulala huongezwa maradufu ili asiamshwe na maumivu usiku wa manane. Anayeitumia hupewa pia dawa ya kulainisha choo. Wapo wanaoiogopa wakidhani ni ya kummalizia mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, haiui. Katika Afrika Mashariki, aliyeisimamia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Dk. Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa Kikatoliki, mwanzilishi wa Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe, bila kungoja daktari. Tanzania, hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kupeleka majumbani tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyeweza kupona.

Si Wakristo wote duniani wanaoshika msimamo mmoja. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alitangaza mwaka 2014 kwamba anaunga mkono haki ya mgonjwa kusaidiwa kufa, akarudia mwaka 2016. Uholanzi, ambako sheria inaruhusu eutanasia tangu 2002, wapo Waprotestanti wanaoikubali. Tutu aliheshimiwa sana Tanzania, ila katika hili makanisa ya huku hayakumfuata.

Tofauti kubwa zaidi mkoani iko kwenye saa za mwisho. Mkatoliki huletewa Mpako wa Wagonjwa na, akiweza kumeza, Komunyo kama pamba ya njiani, yaani chakula cha safari, wakati waumini wa jumuiya ndogo ndogo wanapokezana kukesha naye. Wapentekoste hukesha kwa maombezi ya uponyaji. Hapo wachungaji wana kazi ngumu: wapo ndugu wanaodhani kukubali kwamba mgonjwa anakufa ni kukosa imani, na wengine humwachisha dawa ili imani ionekane. Mchungaji anayejua wajibu wake anaomba na chupa ya dawa ikiwa kitandani, na anamruhusu mgonjwa kuagana na watoto wake angali anaweza kusema.