Makala ya Mkutano na Istilahi Zake: Fundisho la Kagera

Katika kazi ya kusanifu istilahi tumezoea kuulizwa jina la chombo, la cheo au la ugonjwa. Ni nadra kuulizwa jina hilo lilizaliwa wapi. Anayefuatilia asili ya istilahi za kitaalamu ataona kwamba nyingi hazikuanzia katika kamusi. Zilianzia mezani kwa mtaalamu aliyekuwa akitayarisha makala ya kupeleka mkutanoni, aghalabu siku chache kabla ya kufungwa kwa mlango wa kupokea makala. Hapo jambo jipya hupewa jina kwa mara ya kwanza, na jina hilo likishachapishwa katika kumbukumbu za mkutano huwa gumu kuling'oa.

Makala haya yanaichunguza historia hiyo kwa kutumia mfano wa Mkoa wa Kagera, hususan Bukoba na Muleba, ambako kuanzia mwaka 1983 wataalamu walilazimika kuusemea ugonjwa uliokuwa haujapata jina katika Kiswahili. Hoja yetu ni moja: makala ya mkutano hayajakamilika mpaka istilahi zake zipatikane pia katika lugha ya watu wanaozungumzwa ndani yake.

Maneno ya mkutano

Kiswahili hakikukosa maneno ya kukutania. Baraza, kikao na mkutano ni maneno yaliyozoeleka siku nyingi. Hotuba ilitoka msikitini ikaingia katika siasa. Risala ni ujumbe unaosomwa mbele ya mgeni wa heshima kwa niaba ya kundi, na mhadhara ni somo la mtaalamu mbele ya wanafunzi. Mikutano ya wataalamu ilipoongezeka baada ya Uhuru, maneno hayo hayakutosha. Semina ikatoholewa. Warsha, neno lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, likatoka katika karakana ya mafundi likaingia vyumba vya mikutano. Kongamano likatokana na kitenzi kukongamana. Msemaji naye akawa mtoa mada.

Jambo lililosumbua zaidi lilikuwa lile andiko fupi ambalo mwandishi hulituma kwa waandalizi wa mkutano ili wapime kama makala yake yanafaa. Wengi waliliita muhtasari. Lakini mwalimu alikuwa na muhtasari wa somo, yaani mpango wa mafunzo wa mwaka mzima, na katibu alikuwa na muhtasari wa kikao, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa. Mtumishi wa serikali akiambiwa "tuletee muhtasari" angeweza kuleta kimojawapo kati ya vitu vitatu visivyohusiana. Neno ikisiri, ambalo leo hutangulia makala katika majarida yetu ya kitaaluma, liliondoa mzigo huo.

Tofauti hii si pambo. Mwenye hotuba anaweza kulizunguka jambo, akalirudia kwa mfano au akaliacha kwa msikilizaji alitambue mwenyewe. Mwenye ikisiri hawezi. Amepewa maneno 250 au 300, nayo yatasomwa na wahakiki wasiomjua, watakaoamua kama atapewa dakika zake kumi jukwaani, au atabandika bango ukutani, au atabaki nyumbani. Katika nafasi hiyo ndogo kila jambo lazima liwe na jina moja, na kila jina liwe na maana moja. Kwa sababu hiyo ikisiri ndiyo kipimo cha kwanza cha istilahi.

Kwa muda mrefu kipimo hicho kilifanyika nje ya lugha yetu. Hata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, uliendeshwa na maofisa wa elimu na wamisionari, na Kiswahili kilikuwa kitu cha kujadiliwa tu. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja iliurithi mwenendo huo. Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa, ndiyo iliyolipa taifa letu chombo chake cha kusimamia lugha. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Miaka miwili baadaye likaja jambo ambalo kamusi hiyo isingeweza kuwa na neno lake.

Ugonjwa usio na jina

Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini waliripotiwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Mkoa ulikuwa umetoka vitani. Vita vya 1978 na 1979 vilipita juu ya ardhi yake, na hata jina lake la zamani, Ziwa Magharibi, lilikuwa limebadilishwa mwaka 1979. Wananchi hawakuwangoja wataalamu. Waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vazi lililouzwa na wafanyabiashara wa kuvuka mpaka wa Uganda. Upande wa pili wa mpaka, katika Rakai na Masaka, uliitwa Slim, kwa maana ya wembamba unaomshika mgonjwa.

Majina hayo mawili yalikuwa na bahati tofauti. Mwezi Oktoba 1985 David Serwadda na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet la London taarifa juu ya ugonjwa wa Rakai, na neno Slim likawekwa katika anwani yenyewe. Jina la kijijini likaingia katika maandishi ya tiba ya dunia nzima. Juliana halikupata nafasi ya namna hiyo. Hata hivyo lilikuwa limehifadhi jambo la maana, yaani fikira ya wananchi kwamba ugonjwa ulisafiri na biashara ya mpakani. Mtaalamu aliyelipuuza jina hilo kama mzaha wa mitaani alipoteza ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa ugonjwa.

Wataalamu wenyewe hawakuwa na jina moja. Wafaransa waliviita virusi hivyo LAV na Wamarekani HTLV-III, na kila upande ulitetea jina lake mpaka mwaka 1986, ilipopendekezwa na kamati ya kimataifa ya majina ya virusi kwamba vyote viitwe HIV. Mtu aliyetayarisha ikisiri mwaka 1985 alilazimika kuandika majina mawili kwa mkato ili aeleweke kwa wote.

Njia ya kwenda mkutanoni

Mikutano ya kimataifa juu ya ugonjwa huu ilianza Atlanta, Marekani, mwezi Aprili 1985. Mikutano iliyohusu Afrika peke yake ilianza Brussels mwaka huohuo, ikafuatiwa na ule wa Naples mwaka 1987. Wa tatu ulikuja kwetu, ukafanyika Arusha mwezi Septemba 1988. Kwa hiyo mikutano miwili ya mwanzo iliyoijadili Afrika ilifanyika Ulaya, na hata ulipofika Arusha, ikisiri ziliendelea kuandikwa kwa lugha za Ulaya.

Kazi kubwa ya kitaalamu kutoka Kagera ilifanywa katika miaka hiyohiyo. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Uswidi, waliwapima watu wazima katika wilaya za mkoa huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 na Japheth Killewo na wenzake yalionyesha kwamba Bukoba mjini asilimia 24.2 ya waliopimwa walikuwa na virusi. Bukoba vijijini na Muleba, asilimia 10. Karagwe, asilimia 4.5, Ngara na Biharamulo, asilimia 0.4. Hizo ni takwimu za aina inayofaa kabisa kwa ikisiri: ni fupi, zinalinganishika, na hazina neno la ziada.

Lakini zilipaswa kurudi nyumbani. Mganga wa zahanati, mwalimu na katibu kata walitakiwa kumweleza mkulima wa migomba na kahawa wa Kishanda, wilayani Muleba, nini maana ya asilimia 10. Mara nyingi maelezo hayo yalipita katika lugha tatu: Kiingereza cha makala, Kiswahili cha mtumishi, na Kiruhaya cha msikilizaji mzee. Kiswahili kilikuwa daraja la katikati. Kama neno la Kiswahili lilikuwa na kasoro, hapakuwa na namna ya Kiruhaya kuirekebisha.

Istilahi nne

Istilahi ya kwanza ni jina lenyewe. UKIMWI lilifasiriwa kwanza kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Baadaye tafsiri ikawa Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa kuwa maneno yote mawili yanaanza kwa herufi moja, kifupisho hakikubadilika, na wengi hawakutambua kwamba maana imebadilika. Ukosefu ni kutokuwapo kabisa. Aliyekosa kinga hana cha kutetea. Upungufu una daraja zake. Kilichopungua kinaweza kupimwa, kikachelewesha kuisha, na tangu kuja kwa dawa za kupunguza makali, kikaongezeka. Tofauti ya neno moja ilikuwa tofauti kati ya hukumu na ugonjwa unaotibika.

Ya pili ni jina la virusi. Tuliviita Virusi vya Ukimwi, kwa kifupi VVU. Jina hilo linaeleweka upesi, lakini linaviita virusi kwa jina la ugonjwa, hata mtu aliyepimwa akaonekana na virusi hudhaniwa kwamba tayari anaugua Ukimwi. Kitaalamu hayo ni mambo mawili, na kati yake yaweza kupita miaka mingi ya afya. Mtoa mada anayetumia jina hili hana budi kuitaja tofauti hiyo waziwazi.

Ya tatu ni asilimia zile za 1987. Zilihesabu watu wote waliokuwa na virusi wakati wa kupimwa, hata walioambukizwa miaka kadhaa nyuma. Kiswahili cha kawaida kilitumia neno maambukizi kwa hao, na neno hilohilo kwa wanaoambukizwa katika kipindi fulani. Mkulima wa Kishanda akiambiwa "maambukizi ni asilimia 10" ana haki ya kudhani kwamba kila mwaka watu kumi katika mia huambukizwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kiwango cha Muleba kilishuka kutoka asilimia 10 mwaka 1987 hadi 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999, na Bukoba mjini kikashuka kutoka 24.2 hadi 18.3 mwaka 1993. Hiyo ni habari njema, ila yahitaji maelezo: kiwango cha waliopo hushuka wanaoambukizwa wakipungua, na hushuka pia wagonjwa wakifariki. Kwa neno moja la maambukizi hayo hayasemeki. Baadhi ya taarifa za takwimu hutumia ushamiri kwa kiwango cha waliopo. Linatenganisha dhana vizuri, lakini kushamiri ni kustawi, na kuna ukakasi kumwambia mfiwa kwamba msiba wake umestawi. Tunapendekeza maambukizi yaliyopo na maambukizi mapya, maneno ambayo kila mwananchi anayaelewa.

Ya nne ni jina la mtu. Katika makala za miaka ya mwanzo aliitwa mwathirika. Neno hilo lilikuwa limekwisha kukataliwa kwingineko: mwezi Juni 1983, katika mkutano wa afya uliofanyika Denver, Marekani, watu wenye ugonjwa huo walitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga, wakajitaja kuwa watu wenye Ukimwi. Kwetu istilahi ya watu wanaoishi na VVU ilikuja baadaye. Inafaa kukumbuka kwamba marekebisho hayo yalitoka kwa wale waliozoea kuwa mada, siku walipopata nafasi ya kusema mkutanoni.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunawashauri wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotayarisha makala ya mikutano wafuate taratibu tatu.

Kwanza, ikisiri iandikwe kwa Kiswahili pia, hata kama mkutano unaendeshwa kwa lugha nyingine, nayo iandikwe kabla ya makala kutumwa. Atakayeshindwa kulieleza jambo lake kwa maneno 250 ya Kiswahili atakuwa amegundua mapema ni istilahi ipi inayokosekana.

Pili, kila istilahi mpya ipimwe kwa msikilizaji asiye mtaalamu. Asomewe sentensi yenye neno hilo, kisha aulizwe ameelewa nini. Akilielewa kinyume, neno libadilishwe kabla halijachapishwa.

Tatu, orodha ya istilahi zilizotumika ipelekwe kwenye Baraza pamoja na majina yanayotumiwa na wananchi, hata yale yanayoonekana ya mitaani. Juliana lilistahili kuandikwa mahali fulani mwaka 1983.

Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi mwaka 2022, na ikisiri za Kiswahili zitazidi kudaiwa katika mikutano mikubwa. Tusingoje wito wa makala utufikie ndipo tutafute maneno. Istilahi za magonjwa, za hali ya hewa na za kilimo zinazotumika leo katika ripoti za wilaya zianze kukusanywa sasa, wilaya kwa wilaya, na Bukoba na Muleba zafaa kuwa za kwanza.